Msitu Uliofagiwa

Novemba 2018, moto uliteketeza mji wa Paradise, kaskazini mwa California, na kuua watu 85. Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, alipokwenda kuyaona majivu, aliwaambia wanahabari kwamba Ufini, nchi iliyojaa misitu, haina shida kama hiyo kwa sababu watu wake hutumia muda mwingi kupiga misitu reki na kuisafisha. Eti aliambiwa hivyo na rais wa Ufini mwenyewe. Sauli Niinistö, aliyekuwa rais huko, akasema hakumbuki kutaja reki. Wafini nao wakaingia mitandaoni na picha: huyu amesimama msituni na reki mkononi, yule anavuta mashine ya kunyonya vumbi kati ya miti kana kwamba anasafisha zulia la sebuleni. Watu walicheka kweli kweli.

Lakini iko nchi ambayo ilipiga misitu yake reki kwa dhati, mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya karne moja na nusu. Nchi hiyo ni Ujerumani. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wakizuia moto, wala hawakuwa wakitafuta urembo. Walikuwa wakulima wadogo waliohitaji kitu cha kuwatandikia ng'ombe wao. Walifanya hivyo kwa muda mrefu sana, na ugomvi wao na serikali ulisaidia kuzaa sayansi ya udongo wa msitu. Ndiyo maana historia yao ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo utani wa 2018 uliliruka: ukifagia sakafu ya msitu wa misonobari, unamfukuza nani?

Tuanze na ng'ombe. Hadi katikati ya miaka ya 1700, ng'ombe wa vijiji vingi vya Ujerumani walichungwa nje: kwenye malisho ya pamoja, kando ya mito, na ndani ya misitu yenyewe. Kisha watu wakaongezeka, malisho ya pamoja yakaanza kugawanywa, na wataalamu wa kilimo wakaja na injili mpya. Panda klova na viazi. Mfungie ng'ombe bandani, mletee chakula pale pale, kusanya samadi yake yote. Mmoja wa wahubiri wakubwa wa injili hiyo, Johann Christian Schubart, alipandishwa na Kaizari Joseph II mwaka wa 1784 kuwa mtu wa tabaka la juu, akapewa na jina la heshima lililomaanisha bwana wa shamba la klova. Yeyote aliyewahi kuona ng'ombe wa Kiambu akikatiwa nepia na kuletewa mpaka mdomoni anaujua mfumo huo.

Sasa, ng'ombe wa bandani ana shida moja: analala pale pale anapojisaidia. Bila matandiko makavu anaugua, na mkojo wake, ambao ni mbolea ya bure, unatiririka na kupotea. Matandiko ya kawaida yalikuwa mabua ya nafaka. Lakini mkulima mwenye kishamba kidogo hakuwa na mabua ya kuchezea. Msimu wa baridi ukifika, mabua hayo hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha mifugo. Kwa hivyo akageukia msitu. Familia nzima ilitoka na reki na mkokoteni, ikakusanya sindano za misonobari zilizoanguka, mimea laini ya kijani iliyotambaa chini kama zulia, vichaka vidogo, vijiti, na mara nyingi hata lile tabaka jeusi la mboji lililokuwa chini ya hivyo vyote. Mzigo ukaenda bandani, ukalowa mkojo na kinyesi, kisha ukapelekwa shambani kama mbolea.

Ukiufuatilia mzunguko huo utaona kwamba rutuba ilikuwa inahama: kutoka msituni, kupitia kwa ng'ombe, hadi kwenye viazi. Msitu haukurudishiwa kitu. Na kilichochukuliwa ndicho kilichokuwa na thamani zaidi kwa udongo, kwa sababu kilo moja ya sindano ina nitrojeni, fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko kilo moja ya mbao za shina. Mtu anayekata mti mmoja mkubwa kila miaka 80 anaweza kuuacha udongo ukiwa na afya kuliko anayekuja kila mwaka na reki. Bandu bandu huisha gogo. Ni kama kuishi kwa Fuliza: kila siku kiasi ni kidogo, na kila siku unajiambia utalipa.

Kwa nini misonobari hasa? Kwa sababu msonobari, au paini kama wengi wetu tunavyouita, ni mti usiodai mengi. Mwaloni unataka udongo wenye shibe. Msonobari unakubali mchanga. Ardhi ya Ulaya ya kati ilipochoka kwa kukatwa, kuchomwa na kulishwa mifugo, msonobari ndio uliobaki ukikubali kuota. Kuuzunguka mji wa Nuremberg, kusini mwa Ujerumani, kuna msitu wa namna hiyo unaoitwa Reichswald. Mwaka wa 1368 mfanyabiashara Peter Stromer alipanda mbegu za misonobari huko, mahali palipokuwa pamemalizwa miti, na jaribio lake huhesabiwa miongoni mwa mwanzo kabisa wa upandaji misitu wa kupangwa barani Ulaya. Msitu ulisimama tena juu ya mchanga. Kisha reki zikaja. Baada ya vizazi kadhaa vya kufagiwa, misonobari mingi ya huko ilidumaa, ikawa myembamba na iliyopinda, na wenyeji wakaupa msitu wao jina la utani kwa lahaja yao: Steckerleswald, msitu wa vijiti.

Ni rahisi kuwalaumu wakulima, na maafisa wa misitu wa enzi hiyo waliwalaumu kweli. Ujerumani ndiyo nchi iliyokuwa imeupa ulimwengu wazo la kuvuna misitu bila kuimaliza; Hans Carl von Carlowitz, afisa wa migodi ya Saksonia, aliliandikia kitabu mwaka wa 1713. Machoni pa maafisa waliosoma kitabu kama hicho, mwanamke mwenye reki alikuwa adui. Lakini tazama upande wa pili. Mwenye shamba kubwa alikuwa na mabua ya kutosha. Hakuwa na haja ya kuingia msituni. Aliyeingia ni yule mwenye ng'ombe mmoja au wawili, na haki yake ya kuokota ilikuwa ya mila, ya zamani kuliko ofisi ya misitu yenyewe. Misitu ilipogeuka kuwa mali ya kuuza mbao, haki hizo zilianza kubanwa moja baada ya nyingine: siku fulani tu za wiki, sehemu fulani tu, kwa kibali, kwa ada, kisha marufuku.

Ugomvi wa kuni ulikwenda sambamba na huo wa reki. Mwaka wa 1841 bunge la jimbo la Rhine lilijadili sheria ya kuhesabu kuokota kuni zilizoanguka kuwa wizi. Mwaka uliofuata, mwandishi mmoja kijana wa miaka 24 alilishambulia bunge hilo katika mfululizo wa makala kwenye gazeti la Rheinische Zeitung. Jina lake Karl Marx. Mwaka wa 1859 alikuja kueleza kwamba mambo kama hayo ndiyo yaliyomsukuma kwa mara ya kwanza kuanza kuchunguza uchumi. Yaani moja ya fikra zilizotikisa dunia ilianzia kwenye swali la nani ana haki ya kuokota kilicholala chini ya mti.

Katika mabishano hayo yote, mkulima alisemea ng'ombe wake na afisa akasemea mbao zake. Waliokaa kwenye hiyo sakafu yenyewe hawakuwa na wa kuwasemea, kwa sababu wachache sana walijua kama wapo.

Sayansi ilianza kwa kupima uzito. Mkemia wa Bavaria, Ernst Ebermayer, alichapisha mwaka wa 1876 kitabu kizima kuhusu takataka za msitu, kutokana na vipimo vya vituo vya majaribio vya misitu vya jimbo hilo: ni kilo ngapi huanguka kwa mwaka, zina madini gani, na msitu hupoteza nini zikiondolewa. Kwa mara ya kwanza, hasara ya reki ilikuwa na hesabu. Lakini hesabu ya Ebermayer ilikuwa ya kemia. Ilisema kuna nini ndani ya sindano. Haikueleza sana nani anaifungua.

Jibu la hilo lilikuja kutoka Denmaki. Mwishoni mwa miaka ya 1870, afisa wa misitu Peter Erasmus Müller alichimba mashimo katika misitu ya kwao, akagundua kwamba sakafu ya msitu ina tabia mbili. Kuna mahali ambapo majani yaliyoanguka huvutwa chini na nyungunyungu, yakachanganywa na udongo hadi hujui jani linaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Hiyo aliiita muld. Na kuna mahali ambapo majani hulala juu kama mkeka, tabaka juu ya tabaka, yamefungwa pamoja na nyuzi za kuvu, na nyungunyungu hawaonekani. Hiyo aliiita mor. Tofauti hiyo, alisema, inatokana na viumbe wanaoishi humo, na maneno yake mawili ya Kidenmaki yanatumika na wanasayansi wa udongo hadi leo. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1881, Charles Darwin alitoa kitabu chake cha mwisho, na kilihusu nyungunyungu. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, nyungunyungu hupitisha zaidi ya tani 10 za udongo matumboni mwao kwa kila ekari moja kwa mwaka.

Msitu wa misonobari mara nyingi ni nchi ya mor. Sindano ni ngumu, zina asidi na utomvu, na nyungunyungu wengi hawazitaki. Kwa muda mrefu watu walidhani hiyo inamaanisha hakuna mtu nyumbani. Kumbe wenyeji walikuwa wadogo mno kuonekana. Mwaka wa 1905 Mwitaliano Antonio Berlese aliunda kifaa rahisi sana: faneli yenye wavu, unaweka bonge la sakafu ya msitu juu, unalipasha joto, na chini unaweka chupa. Bonge likianza kukauka kutoka juu, kila kilicho hai ndani yake hukimbilia chini kutafuta unyevu, kinapita kwenye wavu, kinaanguka chupani. Mwaka wa 1918 Mswidi Albert Tullgren akaweka balbu ya umeme juu ya faneli, na hadi leo maabara za chuo chochote zinazochunguza wanyama wa udongo zina kitu kama hicho.

Kilichoanguka chupani kilishangaza. Katika mita moja ya mraba ya sakafu ya msitu wa misonobari wa nchi za baridi, utitiri wa udongo wanaweza kufika laki kadhaa. Wengi wana gamba gumu kama kobe mdogo kuliko punje ya chumvi. Pamoja nao kuna kolembola, viumbe wa miguu sita ambao wengi wao wana kitu kama uma kilichokunjwa chini ya tumbo. Wakitishwa, kinafyatuka na kuwarusha hewani. Kuna minyoo myeupe mifupi kama uzi uliokatika, ambayo hufanya katika udongo wenye asidi sehemu ya kazi ambayo nyungunyungu wamekataa. Halafu kuna wanaowawinda hao wote: tandu, buibui, mbawakawa, na utitiri wakali wanaokula utitiri wenzao.

Kazi yao ni kuvunja. Jongoo na minyoo hutafuna sindano, kolembola na utitiri hulisha kwenye kuvu iliyoivamia, wanabeba mbegu za kuvu kutoka hapa hadi pale, na kinyesi chao kinakuwa chakula cha bakteria. Bila wao kuvu na bakteria wangeendelea na kazi, lakini polepole zaidi, na virutubishi vingekaa vimefungwa ndani ya sindano kwa muda mrefu zaidi. Mti hauwezi kula sindano yake mwenyewe. Unangoja ipite kwenye mikono hiyo yote.

Basi reki inapopita, nini hutokea? Kwanza, paa linaondoka. Tabaka la sindano ndilo linaloweka kivuli na unyevu. Likiondoka, jua linagonga udongo mchana, baridi inaugonga usiku, na mnyama asiye na ngozi ya kuzuia maji anakauka. Pili, vyumba vinaondoka. Kolembola wa juu, wakubwa, wenye macho na rangi, wanaishi katikati ya sindano. Wale wa chini kabisa ni weupe, wadogo, mara nyingi vipofu, na wanaishi kwenye vinyweleo vya udongo. Ukifagia, wa ghorofa ya juu ndio wanaokosa makao kwanza, na wa chini wanaweza kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Tatu, muda unaondoka. Utitiri wenye gamba huzaa polepole; katika nchi za baridi wengine huchukua mwaka mzima au zaidi kukomaa, na hawana mabawa. Ukiwafagia kila mwaka, hawapati nafasi ya kurudi kabla ya reki inayofuata.

Ndiyo maana hesabu ya jumla inaweza kudanganya. Unaweza kuchukua bonge kutoka msitu uliosafishwa, ukaliweka chini ya balbu, na ukapata wanyama wengi tu. Lakini ukiwaangalia mmoja mmoja kwa hadubini unakuta ni aina zile zile chache, zinazozaa haraka na kuvumilia ukavu. Ni kama mtaa uliobomolewa na kujengwa upya: idadi ya watu inaweza kuwa ile ile, lakini fundi viatu, mama mboga na mzee aliyejua kila mtu hawapo tena.

Wakati huo huo, tusiifanye hadithi hii iwe rahisi kuliko ilivyo. Katikati ya miaka ya 1890, viwavi wa nondo aitwaye Bupalus waliivamia misonobari ya Nuremberg na kula sindano za sehemu kubwa ya Reichswald. Kiwavi huyo akishiba hushuka chini, akajigeuza pupa ndani ya takataka za sakafu, na kulala humo msimu wote wa baridi. Kwa hivyo kulikuwa na maafisa wa misitu, wale wale wa kulaani reki, waliosema hapa ifagiliwe, pupa watolewe. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Ila sakafu hiyo hiyo iliyomficha pupa ilikuwa pia nyumba ya mbawakawa na kirukanjia wanaomla. Ukifagia unamtoa mwizi na askari kwa pamoja.

Reki hazikushindwa na hoja za maafisa. Zilishindwa na kiwanda. Mwaka wa 1913, huko Oppau, kiwanda cha kwanza cha kutengeneza amonia kwa nitrojeni ya hewani kilianza kazi. Mbolea ya dukani ikapatikana, mabua yakasafirishwa kwa reli, na watoto wa wakulima wakahamia mijini. Hata hivyo, katika vijiji maskini vya Bavaria kufagia kuliendelea, hasa nyakati za vita na njaa, mpaka miaka ya 1950. Mkulima alipopata kitu kingine cha kumtandikia ng'ombe, aliiacha reki mwenyewe.

Udongo haukusahau upesi hivyo. Mwaka wa 1981 jarida la Der Spiegel lilitangaza kwenye jalada lake kwamba msitu wa Ujerumani unakufa, na lawama ikaelekezwa kwa mvua ya asidi kutoka kwenye mabomba ya viwanda. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, na sheria za kupunguza salfa zilizofuata zilisaidia. Lakini asidi hiyo ilikuwa ikianguka juu ya udongo ambao, katika sehemu nyingi, ulikuwa umekokotwa kalsiamu yake kwa reki kwa zaidi ya karne. Misitu ikaanza kumwagiwa chokaa, mara nyingine kutoka kwa helikopta, na mahali asidi ilipopungua nyungunyungu waliongezeka.

Kisha likaja jambo ambalo maafisa wa miaka ya 1800 hawangeliamini. Katika mchanga uliofagiwa mpaka ukawa maskini kabisa, kulikuwa kumeota laikeni, ile jamii ya kijivu inayotokana na kuvu na mwani kuishi pamoja, ikatandaza sakafu nzima kama povu. Laikeni hazishindani vizuri na majani mengine. Zinapenda mahali ambapo wengine wamekata tamaa. Reki zilipokoma, na nitrojeni ya magari na mashamba ikaanza kushuka na mvua, nyasi na vichaka vikarudi na laikeni zikaanza kutoweka. Leo misonobari yenye sakafu ya laikeni inalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na huko Bavaria watafiti wamerudisha reki katika vipande vya majaribio ili kuuokoa umaskini ule. Kwa hiyo kufagia hakuui uhai wote. Kunachagua nani abaki. Anayeshika reki anachagua, ajue asijue.

Historia hii ilifika kwetu, ingawa njia yake ilizunguka. Shule ya misitu ya Nancy, nchini Ufaransa, ilifunguliwa mwaka wa 1824 na Bernard Lorentz, mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa Wajerumani. David Hutchins, aliyekuja kuongoza idara ya misitu ya Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka wa 1907, alisomea Nancy. Huko Burma na India, Waingereza walimpa usimamizi wa misitu Mjerumani Dietrich Brandis, na ni kutoka Burma ndiko lilikotokea wazo la kumruhusu mkulima asiye na ardhi alime kati ya miche michanga ya serikali. Kenya lilianza karibu mwaka wa 1910, likaitwa kwa neno ambalo halihitaji tafsiri: mfumo wa shamba. Familia ilipewa kipande, ikafyeka vichaka, ikapanda mahindi, viazi na maharagwe, na kwa kupalilia chakula chake ikapalilia pia miche ya misanduku na misonobari. Serikali ikapata vibarua bila mshahara mkubwa, na familia ikapata chakula bila hati ya ardhi.

Misonobari yenyewe ilikuwa wageni. Kusini mwa Sahara hakuna msonobari wa asili hata mmoja. Aina ya patula iliyojaa nyanda zetu za juu imetoka Meksiko. Katika nchi nyingi za tropiki miche ya kwanza ya msonobari iligeuka njano na kudumaa hadi ilipowekewa udongo kutoka kwenye msitu mwingine wa misonobari, wenye kuvu inayoshirikiana na mizizi yake. Mti ulisafiri, lakini haukuweza kusimama bila watu wa kwao wa chini ya ardhi. Na wale wa huku, mchwa na jongoo na nyungunyungu waliokuwa wakihudumia msitu wa asili, walijikuta chini ya sindano ambazo wazazi wao hawakuwahi kuonja. Wangari Maathai, katika hotuba yake ya Nobel mwaka wa 2004, alikumbuka kuona tangu utotoni misitu ikifyekwa na nafasi yake kuchukuliwa na mashamba ya miti ya biashara, uanuwai ukapotea pamoja na uwezo wa msitu kutunza maji.

Mfumo wa shamba ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarudi na jina jipya la PELIS baada ya sheria ya misitu ya 2005, na kila mara msitu unapoonekana mbaya mjadala unarudi palipokuwa Bavaria: kidole kinamwelekea mwenye jembe. Ni kweli jembe lina madhara yake. Lakini swali la kwa nini huyo mtu hana pa kulima kwingine huwa halifuatwi kwa bidii ile ile, kama vile Ujerumani swali la mabua lilivyochukua muda mrefu kuliko swali la faini.

Turudi kwa moto basi, kwa sababu hofu ya California haikuwa ya uongo. Dunia inazidi kupata joto, na msitu wa misonobari uliojaa vichaka vikavu ni hatari kwa walio jirani. Sheria ya Ufaransa, katika maeneo yenye hatari ya moto, inamtaka mwenye nyumba iliyo karibu na msitu asafishe vichaka hadi mita 50 kutoka nyumbani kwake. Ukiishi huko utasafisha, na ni sawa usafishe. Historia ya reki haisemi usiguse msitu. Inasema kuna tofauti kati ya kukata na kubeba. Kichaka kilichokatwa, kikasagwa na kuachwa chini, kinaacha paa juu ya wadogo na chakula mezani. Kichaka kilichokatwa kikapakiwa kwenye lori, na sindano zikafuata nyuma yake, ndicho kilichoitengeneza Steckerleswald. Inasema pia usifagie kila mahali kwa wakati mmoja, wala kila mwaka, kwa sababu utitiri asiye na mabawa anahitaji mahali karibu pa kukimbilia, na miaka ya kutosha ya kurudi kwa miguu.

Sisi wa mjini tumelelewa kupenda mahali palipofagiwa. Uwanja wenye vumbi lililochorwa mistari ya ufagio ni heshima ya mwenye nyumba, na ukiingia kwenye msitu wa misonobari ambao chini yake hakuna kitu, unasema umetulia, unapiga picha. Msitu wa Reichswald nao ulikuwa msafi kwa muda mrefu. Usafi wake ulikuwa umehamia kwenye viazi.